Makontena Matupu ya Dada

Kadi ilikuwa ya dada. Yangu ilikataliwa mara tatu, ikabidi nimwendee kwa adabu zote: "Dada, nikopeshe kadi, hawa watu wanaokodisha seva za mawinguni wanataka tu kuhakikisha kwamba mtu ni mtu. Wanakata dola 1, halafu wanairudisha." Na kweli waliikata wakairudisha. Hapo sikumdanganya.

Nilikuwa najifundisha Kubernetes. Jina ni la Kigiriki, maana yake mshika usukani wa meli, ndiyo maana nembo yake ni usukani. Kazi yake ni kuzipanga programu zilizofungwa kwenye makontena na kuzigawa kwenye seva; moja ikizama, inainua nyingine. Kubofyabofya sikutaka, nikatumia Terraform: unaandika kwenye faili unachotaka, seva 3, mtandao na nahodha, yaani mtambo wa kuziongoza hizo seva, kisha unaandika terraform apply. Inakuuliza kama una uhakika, na herufi y peke yake haiitaki, inataka yes nzima, kama uko mbele ya mchungaji na shela. Baada ya muda nikawa na meli. Nikapiga picha ya skrini, nikaiweka status.

Jumapili laptopu ikajaa, na mimi nataka kupakua video ya send-off ya binamu. Nikaanza kufyeka. Folda ya .terraform ina mamia ya megabaiti. Nikafuta, na hiyo haina neno, ukiandika terraform init inarudi. Pembeni kuna faili linaitwa terraform.tfstate. Sikuliandika mimi, silijui. Nikafuta. Lina pacha wake mwenye mkia wa .backup. Nikafuta na pacha. Yote mawili hayakufika ukubwa wa picha moja ya pilau, lakini mtu akishashika panga haulizi mti una miaka mingapi.

Wanaoijua kazi hii wameshashika vichwa. Lile ndilo daftari la Terraform, humo imeandika kila ilichojenga. Ukilichoma daftari, muuza duka hamjui tena anayemdai.

Siku mbili baadaye nikaandika terraform plan, ikaniambia itajenga kila kitu upya. Badala ya kushtuka nikafurahi, kumbe wamenisafishia! Nikaiamuru ijenge. Ikagoma: ruhusa yenye jina hilo ipo tayari. Mwenye akili angejiuliza imetoka wapi. Mimi nikaongeza 2 mwisho wa kila jina, ikapita. Nikachezea meli yangu hadi jioni, nikaandika terraform destroy, ikafutika yote, nikalala usingizi wa mtu asiye na deni.

Meli ya kwanza ikaendelea na safari.

Mwezi ulipogeuka, simu ikaita.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Laki tano zangu za kikoba ziko wapi?"

Nahodha peke yake alikuwa anakula senti 10 za dola kila saa, yaani dola 72 kwa mwezi, na bado hujalipia seva wala lango la mtandao. Nikajaribu kueleza.

"Ni makontena, dada."

"Umeagiza makontena?"

"Siyo hivyo..."

"Yameshafika bandarini?"

"Hayaji huku. Yako Ireland."

"Yana nini ndani?"

"Hayana kitu, dada. Yalikuwa ya kujifunzia."

Kimya. Kisha nikamsikia akimwambia shemeji, "Kanunua makontena matupu. Ulaya."

Nikaingia mwenyewe kwenye akaunti, nikazikuta seva 3, nikazifuta kwa mkono. Nikaenda kuchemsha chai. Narudi, ziko 3. Nikafuta tena, safari hii nimekaa naziangalia. Ya kwanza ikafa, ya pili ikafa, na kabla ya ya tatu kukata roho, mpya inajitokeza inapepesa taa. Jasho likanitoka. Nikaamini nimedukuliwa, nikabadilisha nywila zote, hadi ya barua pepe ya chuo ambayo siitumii. Baadaye ndipo nikakumbuka faili langu: niliandika mwenyewe kwamba seva zisipungue 3 kamwe. Kila nikiua, mtambo unasoma amri yangu na kuajiri nyingine. Nilikuwa napigana na mimi, kwa hela ya dada. Nikaanza kwa kulifuta kundi la seva lenye amri hiyo, ndipo seva zikafa zikatulia. Nahodha akafuata, kisha lango, mwisho mtandao. Saa 9 usiku nikamtumia dada ujumbe: kwisha kazi.

Mwezi uliofuata simu ikaita tena. Dola 3 na senti 60.

"Hii nayo ya nini?"

"Ni anwani, dada. Lango nimelibomoa, ila namba yake nilisahau kuirudisha, na namba usiyoitumia nayo inalipiwa."

"Yaani nyumba haipo, mimi nalipia namba ya mlango."

"Ndiyo, dada."

"Njoo hapa nyumbani. Na hiyo laptopu uje nayo."