Sekunde 47 za zeze

Tangu nihamie London nikitokea Dodoma, ndugu zangu wa nyumbani huamini kwamba mtunzi wa muziki wa filamu wa huku anamzidi wa kule kwa okestra na studio za kifahari. Mimi naona anamzidi kwa karatasi. Filamu inapokamilika hapa, mtayarishaji huorodhesha kila kipande cha muziki kilichomo: jina lake, kinachukua sekunde ngapi, nani kakitunga na fungu lake ni lipi. Orodha hiyo hufika PRS for Music, chama cha hapa Uingereza kinachowakusanyia watunzi malipo muziki wao unapotumika, na filamu inaporushwa hewani mtunzi hupata mirabaha. Mwaka jana niliingiziwa pauni 11 kwa sekunde 47 za zeze la Kigogo zilizosikika kwenye televisheni ya Denmark, miaka mitatu baada ya kazi yenyewe kwisha. Si fedha ya kujengea nyumba, lakini ilinifikia bila kumpigia mtu simu.

Nyumbani, filamu ya kwanza niliyoitungia nililipwa mara moja, tena nusu ya malipo ikabaki ahadi. Ilirudiwa kwenye runinga hadi watoto wa jirani wakawa wanaupiga mluzi ule wimbo wangu, nami sikuona hata senti. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ilikuwepo. Hakuwepo wa kuandika nani katunga nini.

Huku nako si peponi. Mara nyingi mhariri huwa amekwisha kubandika muziki wa filamu nyingine, na muongozaji akishauzoea hutaka utunge unaofanana nao, ila usifanane kiasi cha kuwapeleka mahakamani. Nyumbani sikuwahi kuombwa hivyo. Niliachiwa filamu nzima niifanye nitakavyo, ingawa, niseme ukweli, niliachiwa zikiwa zimebaki siku mbili. Wanaoiota Marekani nao wajue kwamba tangu hukumu ya mahakama ya New York ya 1948, majumba ya sinema ya kule hayalipi mirabaha kwa muziki uliomo ndani ya filamu.

Kijana mmoja wa Dodoma aliniuliza anunue kinanda gani ili aanze kazi hii. Nilimtumia orodha tupu, nikamwambia aipeleke kwa mtayarishaji wake kabla ya kupiga noti ya kwanza. Mtayarishaji aliisoma, akamwuliza kama ana mpango wa kumshitaki.