Saa tatu ya nani? Miadi ya kliniki kwa njia ya sauti

Mama mkubwa wangu ana presha ya macho, na maandishi ya simu kwake sasa ni ukungu. Programu ya kliniki moja ilipoanza kupokea miadi kwa sauti, tulifurahi. Aliisogeza simu mdomoni akasema, "Samahani, naomba kumuona daktari wa macho Jumanne, saa tatu." Simu ikajibu kuwa ombi limepokelewa. Jumanne alifika saa tatu kasorobo asubuhi. Mapokezi wakamwonyesha jina lake limeandikwa 15:00, yaani saa tisa alasiri. Alikaa kwenye benchi mpaka saa hiyo, na dawa yake ya matone ilikuwa nyumbani.

Mashine ilisikia neno "tatu" vizuri kabisa. Kilichokosekana ni kujua kwamba saa za mchana za Mswahili huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, na saa moja asubuhi ni saa moja baada ya hapo. Aliyeitengeneza alitafsiri maneno akaiacha saa ya Kiingereza ndani yake. Hata jina "amri za sauti" linanisumbua. Mgonjwa haamrishi, anaomba. Huanza na samahani, hutua, kisha ndipo aseme "tarehe yangu ya kurudi kliniki". Programu inayongoja "weka miadi" na kukata baada ya sekunde chache za ukimya haijawahi kukaa foleni na wazee.

Wanaoipinga sauti wana hoja nzito pia. Fikiria dada aliyebanwa kwenye daladala, simu inamuuliza anakwenda kliniki gani, na jibu lake ni CTC. Abiria wote wanajua huko ndiko wenye VVU wanakochukua dawa za kufubaza virusi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, lakini haiwezi kuziba masikio ya jirani wa siti. Tena yupo kiziwi, na yupo mwenye kigugumizi. Kwa hao vitufe lazima vibaki.

Ila hoja ya siri ina upande ambao wapinzani hawautaji. Mama mkubwa asipoweza kusema na simu mwenyewe, anayemsomea skrini ni mimi, au mjukuu, au kijana wa dukani. Ugonjwa wake tunaujua sote kabla ya daktari. Kwa asiyeona, kukosa sauti ndiko kunakovujisha siri, na hapo mimi nasimama upande wa sauti bila kusita.

Ya daladala yana njia. Simu isimlazimishe mtu kutaja ugonjwa. "Kliniki yangu ya kila mwezi" inatosha, maana kumbukumbu zake zimo humo, na swali lolote lijibike pia kwa kubonyeza namba. Ya saa yana njia rahisi zaidi: kabla ya kupokea ombi, simu isome tena ilichoelewa, pamoja na kipindi cha siku. "Jumanne, saa tisa alasiri. Ni sawa?" Mama mkubwa angejibu palepale, "Hapana mwanangu, asubuhi."