Nyumba tupu za Japani: mgeni anunue?

Takwimu za serikali ya Japani za mwaka 2023 zilionyesha nyumba tupu karibu milioni 9, asilimia 13.8 ya nyumba zote nchini. Wazee wanafariki, watoto walishahamia Tokyo au Osaka, na nyumba ya mbao inabaki na vyombo vyake kabatini. Ndiyo maana mitandaoni tunaonyeshwa nyumba yenye bustani na paa la vigae kwa bei ya gari kuukuu.

Wanaoshauri kununua wana hoja nzito. Japani haimzuii mgeni kumiliki nyumba pamoja na ardhi yake, hata kama si mkazi, na umiliki huo hauna kikomo cha miaka. Kwa sisi tuliozoea Tanzania, ambako mgeni hapewi ardhi ila kwa uwekezaji, au Kenya, ambako hupangishwa kwa miaka isiyozidi 99, huo ni uhuru mkubwa. Halmashauri nyingi zina orodha zao za nyumba hizo tupu (kwa Kijapani, akiya), na baadhi hutoa ruzuku ya ukarabati kwa anayehamia. Huko Onomichi, mji wa bandari mkoani Hiroshima, wakazi wamekuwa wakifufua nyumba za mlimani tangu 2007, na leo baadhi ni mikahawa na nyumba za wageni.

Lakini Onomichi hiyohiyo ina nyumba nyingi zilizo juu ya ngazi, gari halifiki, na kila mfuko wa saruji hupandishwa kwa nguvu za watu. Sheria ya ujenzi nayo hudai kiwanja kiguse barabara ya upana wa mita 4, kwa urefu usiopungua mita 2. Kisipoigusa, nyumba ikiungua kwa kawaida huruhusiwi kujenga nyingine. Angalia pia mwaka wa ujenzi: masharti ya kuhimili matetemeko yalikazwa Juni 1981, na tetemeko la Noto la Januari 1, 2024 liliangusha nyumba nyingi za mbao za zamani.

Kwangu mimi, kizuizi kikubwa ni ukaazi. Kumiliki nyumba hakukupi viza. Njia ya viza ya biashara imekuwa finyu: Oktoba 2025 mtaji unaotakiwa ulipandishwa kutoka yeni milioni 5 hadi milioni 30. Mkenya au Mtanzania huhitaji viza hata kwenda kutembea tu. Basi nani atafungua madirisha msimu wa mvua, kabla ukungu na mchwa havijaingia? Kodi ya kila mwaka haisubiri, na tangu Desemba 2023 nyumba iliyotelekezwa inaweza kunyimwa nafuu inayoshusha thamani ya kiwanja kikodi hadi moja ya sita. Ukitaka kuuza, utakutana na uhaba uleule wa wanunuzi ulioishusha bei.

Na mji wenyewe unapata nini? Unahitaji watu wa kuzibua mitaro pamoja na majirani na watoto wa kujaza madarasa. Mmiliki aliye mbali anabadilisha jina kwenye hati tu. Nyumba inabaki tupu. Kwa hiyo naunga mkono anunue yule ambaye tayari ana kibali cha kuishi Japani na kazi inayoweza kufanyika huko mjini. Aliye Nairobi au Dubai, hapana, hata akipewa bure.

Na huyo mwenye kibali asikimbilie kusaini. Halmashauri nyingi zina nyumba za kujaribia maisha, za siku chache hadi miezi kadhaa. Aombe kukaa humo Februari, wakati wa baridi, maana nyumba nyingi za zamani hazina kizuia baridi ukutani.