Kamati ya shule: tuchague au tuteuliwe?

Shule zetu za msingi za Serikali hapa Tanzania zinasimamiwa na kamati, na wawakilishi wa wazazi humo huchaguliwa na wazazi wenzao. Sekondari zina bodi, ambayo wajumbe wake huteuliwa. Wapo wanaotaka uteuzi ushuke hadi msingi: mteuliwa, wanasema, atakuwa msomi anayejua hesabu, wala hadaiwi fadhila na aliyempigia kura.

Hoja hiyo ina uzito, na nimeushuhudia. Tulikaa chini ya mwembe kwenye mabenchi yaliyotolewa madarasani, uchaguzi ukaisha kwa dakika kumi. Jina likatajwa, mikono ikanyooshwa, likatajwa jingine. Mwalimu mkuu, ambaye ndiye katibu wa kamati, akasoma mapato na matumizi mbio mbio, na wajumbe wapya wakapiga makofi pamoja nasi. Hawakuuliza hata swali moja.

Hata hivyo, miezi michache baadaye mmoja wao, fundi seremala, aliomba kuona stakabadhi ya mbao za ukarabati. Stakabadhi ilionyesha kumi na mbili. Akapanda ngazi, akahesabu nane. Fundi huyu aliishia darasa la saba, lakini mbao anazijua, na binti yake anasoma chini ya paa lile. Ofisa elimu wa wilaya ana shule nyingi mno kuweza kupanda kila ngazi.

Na fedha zipo za kulindwa. Ruzuku ya uendeshaji imepangwa Sh 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, sehemu inayopelekwa shuleni huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Tatizo ni kwamba michango ya lazima ilipoondoka, wazazi wengi nao waliacha kuuliza. Serikali inalipa, wanasema, sisi tuulize nini?

Kwangu, kasoro haiko kwenye kura. Wakati wa MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulioanza 2002, kamati zilikabidhiwa mipango na fedha za shule, na wajumbe wakapewa mafunzo ya kuzisimamia. Mafunzo hayo yarudi kila kamati mpya inapoingia, na taarifa ya fedha ibandikwe ukutani wiki moja kabla ya mkutano, ili mzazi aje chini ya mwembe akiwa ameshaisoma.