Nyumbani ni afande, huku naitwa jina tu

Shida yangu ya kwanza kubwa kwenye kazi ya zimamoto haikuwa moto. Ilikuwa haja ndogo.

Nyasi zilikuwa zinaungua mlimani na tulikuwa huko tangu asubuhi. Suruali zetu za kazi zinashikiliwa na mikanda ya mabegani inayopita chini ya koti. Mwanamume anafungua zipu, anageukia pembeni, mara amesharudi kwenye mpira wa maji. Mimi lazima nivue helmeti, nivue koti, nishushe mikanda, tena kwanza nitafute pa kujificha kwenye mlima ulioungua usio na hata kichaka. Nikaamua nisinywe maji. Kufika saa nane mchana kichwa kinanigonga, miguu inatetemeka, na kiongozi wa timu ananiangalia kwa huruma: dada kazi imemzidi. Haikunizidi kazi. Ilinizidi suruali.

Naishi Uingereza mwaka wa tisa sasa. Nina kazi yangu ya mchana, na pia ni askari wa zimamoto wa kuitwa, yaani natembea na peja, na ikilia natakiwa niwe kituoni ndani ya dakika kama tano. Ndugu na marafiki Tanzania huniuliza swali lile lile: nguvu hizo unazo? Kwa hiyo tuanze na nguvu, tuyamalize.

Nguvu inapimika. Unaburuta mdoli wa kilo 55 umbali wa mita 30, unainua ngazi, unabeba mipira, unatambaa kwenye njia finyu huku umevaa barakoa iliyozibwa usione. Mdoli hajali ni nani anayemburuta. Mara ya kwanza nilishindwa kwenye ngazi. Nikafanya mazoezi ya mabega miezi mitano, nikarudi, nikafaulu. Wapo wanaume walioshindwa siku ile ile na mimi, ila hakuna aliyesema wanaume hawawezi.

Kipimo chenyewe nacho kinaweza kupindishwa. Zimamoto ya New York ilifungua mlango kwa waombaji wanawake mwaka 1977. Mtihani wa viungo uliofuata ulikuwa mgumu kiasi kwamba hakuna mwanamke hata mmoja aliyeupita. Brenda Berkman, aliyekuwa anasomea sheria, akaenda mahakamani. Mwaka 1982 jaji akaona mtihani ule haukupima kazi yenyewe, ukatengenezwa mwingine, na wanawake wapatao 40 wakaingia, Berkman akiwa mmojawao. Napenda kisa hiki kwa sababu hakuomba alegezewe masharti. Aliomba kipimo cha kazi kipime kazi.

Na msidhani Wazungu wametutangulia kwa karne. Wakati wa Vita Kuu ya Pili wanawake wa Uingereza walipokea simu za dharura, waliendesha magari na pikipiki za zimamoto huku mabomu yakianguka, kisha vita vilipoisha wakaambiwa asanteni. London ilipata mwanamke wa kwanza kwenye kikosi cha kuzima moto mwaka 1982. Juzi tu! Mama yangu alikuwa mtu mzima. Hadi leo, kati ya askari kumi wa zimamoto Uingereza, mwanamke hafiki hata mmoja.

Sasa nyumbani. Mdogo wangu wa kike anafanya kazi hii hii Tanzania, tunaongea karibu kila Jumapili, na maongezi yetu ndiyo yamenifanya niandike. Tulipoanza nilidhani nitakuwa namfariji. Nikajikuta namwonea wivu.

"Dada, mimi nina cheo begani," aliniambia. "Nikisema vuta mpira, unavutwa. Akiwa na la kusema atalisema tukirudi."

Kwetu zimamoto ni jeshi. Kuna gwaride, kuna saluti, na kuna hilo neno afande, ambalo halina jinsia. Konstebo wa kiume anamwita mdogo wangu afande na dunia haianguki. Hata jina la kazi halina jinsia: askari wa zimamoto ni askari wa zimamoto. Waingereza ilibidi wagombane miaka na miaka kuliondoa neno "mwanamume" ndani ya jina lao la kazi, "fireman", na bado watu mitaani wanalitumia la zamani.

Huku kwangu tunaitana majina ya kwanza, hata mkuu wa kituo. Inapendeza, mpaka ugundue kwamba pasipo na saluti utani ndio unaotawala. Mambo mabaya hayatokei kwenye moto. Kwenye moto kila mtu anakuhitaji. Yanatokea chumba cha mapumziko saa nne usiku, peja ikiwa kimya: maneno juu ya umbo lako, picha kwenye simu ya mtu, kicheko kinachokatika ukiingia. Ukilalamika, umeshindwa kuvumilia utani. Ukinyamaza, umekubali. Niliwahi kulalamika mahali nilipokuwa kabla ya hapa. Hakuna aliyenijibu vibaya. Waliacha tu kunisemesha, na kwenye kazi ambayo mwenzako ndiye anayekuangalia kipimo cha hewa ya mtungi wako ndani ya moshi, kutosemeshwa si jambo dogo.

Kwa hiyo ripoti ya Nazir Afzal, mwendesha mashtaka wa zamani, kuhusu zimamoto ya London ilipotoka Novemba 2022 na kusema chuki dhidi ya wanawake na ubaguzi wa rangi vimo ndani ya taasisi yenyewe, wengine walishtuka. Mimi sikushtuka. Na ripoti hiyo inatoka miaka michache tu baada ya Dany Cotton, aliyeingia kazini akiwa na umri wa miaka 18, kuwa kamishna wa kwanza mwanamke wa kikosi hicho hicho mwaka 2017. Mwanamke anaweza kukaa kileleni na bado chini wakaendelea na picha zao za simu. Lakini hapa nawapa Waingereza haki yao: walimwita mtu wa nje, wakamwachia awasikilize watu, kisha wakayachapisha yale machafu kila mtu ayasome. Nyumbani sijaona hilo likifanyika, na nalitamani.

Maana cheo cha mdogo wangu kinamlinda ndani ya uzio. Nje ni jambo lingine. Wanashuka kwenye gari, nyumba inawaka, na umati unapiga kelele: wanaume wako wapi? Ameshasukumwa kando na mtu mwenye ndoo. Na kuna geti la kuingilia. Matangazo ya ajira za majeshi yetu yamezoea kutaka mwombaji awe hajaoa wala kuolewa, na asiwe na mtoto. Kwa maandishi ni sharti la wote. Lakini kijana wa kiume mwenye mtoto anapita kwa daktari bila mwili wake kusema lolote. Msichana mwili wake unasema. Sharti moja, nyavu mbili. Hilo tungeliondoa kesho asubuhi bila kuhitaji gari jipya wala mfadhili. Tukiogopa kwamba mafunzo na mtoto mchanga haviendi pamoja, tuulize kuhusu mafunzo tu.

Mwaka jana kituo chetu kililetewa mavazi mapya. Glovu ndogo zikawepo. Zile za zamani vidole vilikuwa vinabaki vitupu nchani, na kufunga kiungio cha mpira kulikuwa kama kufunga kishikizo ukiwa umeshika mito miwili. Suruali sasa ina mikanda inayofunguka kwa mbele bila kuvua koti. Wanaume nao wameipenda, hasa wazee wenye vitambi.

Jumapili iliyopita mdogo wangu akaomba nimpigie picha suruali hiyo, mbele na nyuma, karibu kabisa na vile vifungo. Nikamuonya asithubutu kuipeleka yake kwa fundi cherehani, uzi wa kawaida unaungua kabla ya kitambaa.

"Siyo ya fundi," akasema. "Namwonyesha mtu wa stoo. Kesho anaandika mahitaji ya mwaka."