Umehamia jirani na muziki, kisha unaulalamikia

Kinachonikera si kelele. Ni mtu anayenunua nyumba ukuta kwa ukuta na ukumbi ambao bendi zimepiga miaka nenda miaka rudi, tena akivutiwa na uchangamfu wa mtaa, halafu mwezi wa pili anapeleka malalamiko ukumbi ufungwe. Muziki aliukuta!

Na mzigo wote unamwangukia mwenye ukumbi. Kuzuia besi si kubandika sponji ukutani. Sponji hupunguza mwangwi wa ndani tu. Mawimbi ya besi ni marefu, yanapenya, na kuyazuia kunataka kuta nzito mbilimbili zisizogusana, pamoja na milango isiyopitisha hewa. Fedha hizo atazitoa wapi? Anayejenga ghorofa jipya ndiye angeweka kinga hiyo tangu msingi. Jimbo la Victoria, Australia, liliweka kanuni hiyo mwaka 2014, na Uingereza ikaiingiza katika sera yake ya mipango ya ujenzi mwaka 2018: anayekuja baadaye ndiye anayebeba gharama. Kwa nini isiwe hivyo kila mahali?

Sisi tunaotengeneza filamu za mtaa tunaumia vilevile. Ukumbini ndiko tulikoonyeshea kazi zetu, na wanamuziki walewale ndio waliotupigia muziki wa filamu bila kutudai kitu. Juzi nilikuwa napitia video za zamani: mpiga gitaa amefumba macho, watoto wamejazana mlangoni, bibi mmoja anacheza peke yake mbele ya jukwaa. Mlango ule sasa una kufuli.