Mtafiti wa kike Tanga: tunamwogopesha na nani?

Wahadhiri wakongwe wana jibu moja kwa binti anayekwenda fildi, yaani kukusanya data za utafiti nje ya chuo, akiomba posho ya chumba chenye mlango unaofungika: "Fildi ni uvumilivu." Hawakosei kabisa. Wavuvi wa dagaa huvua usiku kwa taa na kurudi alfajiri. Anayetaka kuwajua hana budi awe ufukweni kiza hakijaondoka. Na ukimzuia binti asiende, umempa mwenzake wa kiume tasnifu nzima.

Ila uvumilivu huo anaagizwa nani? Mwanamume Tanga huishia barazani, kahawa na kashata, habari za siasa na mpira. Uani atapiga hodi mpaka achoke. Binti hupitishwa nyuma, akapewa mbuzi na nazi, na kabla hajamaliza kifuu cha pili keshasikia nani kaachwa na deni la kikoba ni la nani. Jinsia hiyohiyo tunayoihesabu kuwa udhaifu ndiyo iliyomfungulia mlango.

Asili ya mtafiti nayo ina mambo yake. Mzungu akivaa vibaya husemwa hajui. Binti wa Muheza, wilaya ya mkoa huohuo, akivaa vibaya huulizwa mtoto wa nani. Inakera, nakubali, lakini ndani yake mna ulinzi: akishajulikana ni mgeni wa bi mkubwa fulani wa Ngamiani, mjini Tanga, anayemsumbua atakuwa na kesi na mtaa mzima.

Ndiyo maana sielewi kwa nini semina za usalama humalizia muda wote kuwaonya watafiti dhidi ya wenyeji. Mwaka 2014 mwanaanthropolojia wa Marekani Kathryn Clancy na wenzake walichapisha majibu ya watu 666 waliofanya kazi za fildi, wengi wao wanaanthropolojia. Asilimia 64 walisema wamewahi kusumbuliwa kijinsia, zaidi ya mmoja kati ya watano kushambuliwa kingono. Waliojibu walijitokeza wenyewe, kwa hiyo asilimia hizo tusizibebe kama sensa. Punguza nusu ukitaka. Kinachonikosesha raha ni jibu la swali jingine: nani aliyefanya? Kwa wanawake, mara nyingi ni mkubwa wao katika timu ileile ya utafiti. Si mvuvi wala bodaboda. Ni yule mwenye ufunguo wa gari, anayelipa posho na atakayesahihisha tasnifu.

Wapo wanaosema mambo hayo yana sheria. Ni kweli, rushwa ya ngono ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Lakini mtazame binti mwenyewe. Barua zake za kibali cha utafiti zimeshuka mkoani, wilayani, kwenye kata, hadi kwa mwenyekiti wa mtaa, ambaye sasa anajua anakolala. Msimamizi anafika Ijumaa "kukagua kazi", anachukua chumba gesti ileile, na saa tatu usiku anapiga simu kuomba daftari la fildi aletewe chumbani. Barua zote anazo kwenye mkoba. Namba ya kupiga usiku huo haimo hata kwenye moja.